Ukurasa wa Msomaji Mmoja

Baghila alikuwa msoma prufu wa gazeti la wilaya, mtu wa kusaka makosa kabla halijachapwa, na kazi hiyo ilikuwa imemkaa mwilini hata kikaratasi cha dawa za mama yake alikisoma mara mbili: mara ya kwanza apate maana, mara ya pili atafute makosa. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Kila jioni macho yalimwasha kama aliyekaa penye moshi wa samadi, shingo imekakamaa, na akifika nyumbani kuna mama wa kugeuza, kulisha na kusafisha. Hakuwa mwanamke wa kulalamika. Alikuwa tu amechoka, uchovu wa siku nyingi ambao mtu anaubeba mpaka anasahau kwamba ameubeba.

Gazeti lilitoka kila Alhamisi, kurasa nane, kwa Kikazaki kilichoandikwa kwa herufi za Kirusi, kama lilivyotoka tangu yeye hajazaliwa. Kisha vuli moja ikateremka amri kutoka juu: lugha ya Kikazaki inahamia herufi za Kilatini, kwa hiyo kila gazeti lianze kutenga ukurasa mmoja kwa herufi mpya, macho ya wananchi yazoee. Mhariri Serimbet aliisoma amri ile kwa sauti, akaikunja, akamtazama Baghila.

"Huo ukurasa wa nane ni wako. Wewe una jicho."

"Nina mawili, na yote mabovu."

"Basi utatumia moja kwa Kirusi na moja kwa Kilatini," alisema Serimbet, na ofisi nzima ikacheka. Baghila naye akacheka, maana angefanya nini?

Herufi zenyewe hazikutulia. Kwanza zilikuja zenye ritifaa, kile kialama cha kwenye ng', na maneno yakajaa vidoadoa kama ukuta uliotuliwa na nzi. Baghila akazikariri. Miezi michache baadaye likaja jedwali jingine: ritifaa zimefutwa, sasa ni vialama juu ya herufi. Akakariri upya. Kompyuta ya ofisi haikuwa na herufi hizo, akawa anazinakili na kuzibandika moja moja kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Na kwa jasho hilo lote hapakuwa na aliyeusoma ukurasa ule. Waliopiga simu walipiga kuuliza kwa nini nafasi hiyo isitumike kwa bei za kondoo.

Mama yake peke yake ndiye aliyeutazama. Bi Zeinep alikuwa na umri mkubwa sana, miguu imekufa, lakini akili bado ilikuwa inakuja na kwenda. Siku Baghila alipomletea ukurasa wa kwanza, mama aliuweka juu ya blanketi, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Hizi nazijua," alisema. "Nilianza shule na hizi."

"Najua, apa," alisema Baghila, maana ndivyo alivyomwita mama yake.

"Baba yangu alikuwa anasoma herufi za zamani, zile za Kiarabu, za kutoka kulia. Usiku anatusomea visa, watu wanajaa ndani. Wakaja watu na madaftari yao wakamwandika hajui kusoma. Haya. Mimi nikasomeshwa hizi, nikazijua. Darasa la tatu wakaja na magunia, wakakusanya vitabu, wakaleta vingine, vya Kirusi. Nikaambiwa sijui kusoma, nianze upya." Akausukuma ukurasa pembeni kwa mgongo wa mkono. "Na wewe sasa wamekufikia."

Baghila alichukua bakuli na kijiko. Alimlisha uji wa maziwa akamgeuzia mto.

Kisha, kama ulivyoanza, ukurasa ukasimamishwa. Simu ilipigwa kutoka mkoani: wasomi bado wanakaa vikao, jedwali litarekebishwa tena, kwa hiyo magazeti yasubiri. Baghila aliweka simu chini akahisi mabega yake yanateremka. Jumatano ile alifika nyumbani jua bado liko juu ya milima, akakanda unga, akakaanga maandazi, na yeye na mama yake wakanywa chai wakiutazama ua.

Zikapita wiki mbili au tatu. Alhamisi moja, asubuhi, mzee mmoja akaingia ofisini bila kubisha hodi. Alikuwa mnene, sharubu nyeupe zimechongwa vizuri, na amevaa koti la ngozi zuri kuliko makoti yote ya mji ule. Mkononi alishika gazeti la siku hiyo, amelikunja kama mtu anayetaka kuua nzi.

"Ukurasa wangu uko wapi?"

Serimbet aliinua kichwa. "Ukurasa upi, aga?" aliuliza, kwa neno la kumheshimu mwanamume mkubwa.

"Wa nyuma! Wiki ya tatu sasa nanunua gazeti, nageuza, nakuta matangazo ya mbegu. Niko kwenye kituo cha basi kama mpumbavu, nageuza kushoto, nageuza kulia. Mmeupeleka wapi?"

Serimbet, ambaye alijua kujiepusha na balaa, akanyoosha kidole kuelekea meza ya Baghila. "Mwenye ukurasa ni yule pale."

Mzee akavuta kiti akaketi mbele yake. Kikazaki chake kilikuwa cha ndani kabisa, chenye maneno ambayo Baghila aliyasikia kwa bibi yake tu, lakini kilipinda mwishoni kwa lafudhi ya Kituruki. Jina lake Hizirbek. Wazazi wake, Wakazaki wa upande wa China, walikimbia kutoka milima ya Altai na mifugo yao, wakavuka milima na jangwa wakiwa wamebaki nusu, na miaka kadhaa baadaye wakaishia Uturuki. Huko ndiko alikozaliwa, huko ndiko alikoshona ngozi Istanbul maisha yake yote. Uzeeni akauza duka, akamchukua mkewe, wakarudi kwenye nchi ambayo wala yeye wala baba yake hawakuwahi kuikanyaga. Mke alifariki mwaka wa pili. Watoto wako Istanbul na Ujerumani, wanapiga simu siku za Idi.

"Mnavyoongea nasikia vyote," alisema. "Hata mkinisengenya sokoni nasikia. Lakini nikishika karatasi nakuwa bubu. Hizi herufi zenu za Kirusi kwangu ni kama chapa kwenye mapaja ya ng'ombe. Huo ukurasa wa nyuma, wa herufi kama nilizosomea Uturuki, ndio kitu pekee nilichoweza kusoma katika nchi hii. Ulikuwa na makosa, hiyo ng' mlikuwa mnaiandika kihunihuni, lakini nilikuwa nasoma."

"Umesimamishwa, aga. Wanasubiri herufi nyingine."

"Wao wasubiri, wana umri wa kusubiri. Na mimi?"

Baghila alimtazama. Mezani kwake kulikuwa na prufu zisizosomwa, kichwa kinamgonga, na mzee huyu alikuwa ameketi kama mtu aliyekuja kulala. Hakujua maneno yalitoka wapi. Pengine alitaka tu mzee ainuke kwenye kile kiti.

"Njoo Alhamisi ijayo. Nitakutolea kidogo kwenye printa."

Ndivyo ilivyoanza. Jumatano, gazeti likishapelekwa mtamboni na wenzake wakishavaa makoti, Baghila alibaki. Alichukua habari mbili tatu na matangazo ya tanzia na kuyahamishia herufi za Kilatini. Kulikuwa na programu ya kugeuza kwa mkupuo mmoja, ila ilikuwa inavuruga, na yeye hakuweza kutoa karatasi yenye makosa hata kwa msomaji mmoja. Kwa hiyo alisahihisha neno kwa neno, akachapa nakala moja, mbele na nyuma.

Alhamisi Hizirbek alikuja, akaisoma palepale akitafuna midomo, akanywa chai, akaanza kubishana.

"Hii sh, iwekee mkia chini. Mbona unaiandika kwa herufi mbili kama Mwingereza?"

"Jedwali linasema hivyo."

"Jedwali gani? Lile lililokufa au ambalo halijazaliwa?"

Baghila akaweka mkia. Wakakubaliana ile ng' iweje, ile ö iwe na nukta mbili, ile gh iwe na kofia. Hizirbek alijipiga kifua. "Unaona? Huko mji mkuu wasomi mia wanatoana macho. Sisi tumemaliza kwa birika moja la chai."

Serimbet alipita akatazama printa. "Baghila, wino unakwisha haraka siku hizi."

"Nikate kwenye mshahara."

"Nikukate nini, mshahara wenyewe unaonekana?" Akaondoka, asiulize tena.

Kipindi cha joto kikapita, matikitimaji yakajaa barabarani, kisha baridi ikaingia. Mama akazidi kudhoofika. Kanipa, jirani yao, ndiye aliyekaa naye mchana, na siku zote alikuwa mtu wa kusema linalomkaa moyoni.

"Jumatano sizipendi," alimwambia Baghila akivaa viatu mlangoni. "Siku nyingine mama ananyamaza. Jumatano anakuulizia tangu jua linapozama. Namwambia yuko kazini. Ananiambia, kazi gani, gazeti si limeshapelekwa mtamboni?"

"Nina kazi kidogo ya ziada."

"Ya malipo?"

Baghila akageuka kuvua koti. Kanipa akamtazama, akafunga kitambaa chake, akaenda zake.

Usiku ule aliamua kuacha. Kesho yake alimngoja Hizirbek akiwa ameshapanga maneno: aga, nimechoka, nyumbani kuna shida, tafuta mtu akufundishe hizi herufi, si nyingi. Mzee aliingia na mfuko wa matufaha, akauweka mezani.

"Ile habari ya mfereji kukauka," alisema kabla hajaketi, "nimeisoma mara mbili. Nilikwenda nikautazama mwenyewe. Kweli umekauka! Watu wa mtaani wananiuliza, mzee umejuaje? Nikawaambia, mimi nasoma gazeti." Na uso wake ulikuwa umejaa furaha kiasi kwamba Baghila alimeza maneno yake yote, akaosha tufaha moja, akala.

Bi Zeinep alifariki mwanzoni mwa masika, Jumatatu alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Baada ya hapo siku zikamwendea Baghila kama zinamtokea mtu mwingine. Wanaume walikuja wakilia tangu langoni, wanawake wakaketi naye wakiomboleza, kondoo wakachinjwa, masufuria yakaazimwa. Karibu ofisi nzima ya gazeti ilikuwa uani kwake, Serimbet mwenyewe akipasua kuni. Jumatano wakamzika mama. Siku ileile, katika purukushani, mmoja wa wale waliobaki ofisini aliandika tanzia fupi na kuitia kwenye ukurasa wa tano.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, Hizirbek akafika. Alibeba sukari, chai na shali nyeupe. Aliketi penye wazee, akasoma Kurani kwa sauti nzuri ya kutulia, kisha akainua viganja na kumwombea marehemu, Zeinep binti Tolegen. Baghila, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, alisikia. Babu yake aliitwa Tolebai. Mzee amekosea, aliwaza, na wazo lenyewe likapotea, maana kuna mtu alikuwa anauliza vikombe viko wapi.

Baada ya hitma ya siku ya saba alirudi kazini. Wenzake walimpa pole, wakamwambia akae tu, asifanye kitu. Lakini yeye alikuwa hajui kukaa bila kufanya kitu, basi akavuta gazeti la wiki iliyopita akaanza kulisoma. Alipofika ukurasa wa tano akaikuta tanzia. Akaisoma mara ya kwanza kwa maana, ikamchoma. Akaisoma mara ya pili kwa makosa. *Zeinep binti Tolegen.* Aliyechapa alikosea jina, na aliyepaswa kuliona kosa alikuwa nyumbani anamlilia mwenye jina.

Tolegen: ndilo jina alilolitamka Hizirbek katika dua yake. Mtaani hakuna aliyemjua babu yake kwa Tolegen. Jina hilo halikuwepo popote duniani isipokuwa hapa, kwa herufi hizi za Kirusi, kwenye gazeti hili.

Hizirbek alikuja Alhamisi kama kawaida, kimya zaidi, koti lake limefungwa vifungo vyote. Akatazama meza. Hapakuwa na karatasi. Baghila akamsukumia gazeti la siku hiyo.

"Soma."

"Mdogo wangu..."

"Soma, aga. Hapo juu."

Mzee alilitazama gazeti, akamtazama yeye, akaona hakuna pa kukimbilia. Akaweka kidole kwenye kichwa cha habari na akasoma, polepole, silabi kwa silabi, bila kukosea.

"Tangu lini?" aliuliza Baghila.

"Tangu wakati wa tikitimaji."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Chupa za dawa. Kibao cha duka la mkate. Zahanati unakaa asubuhi nzima, ukutani wamebandika matangazo, mwisho yanaingia yenyewe." Alijaribu kutabasamu. "Nilidhani nitakufurahisha siku nikikuambia. Kisha nikaona nikikuambia, utaacha."

"Ningeacha, ndiyo!" Sauti ilimtoka Baghila kali hata Serimbet akachungulia mlangoni, akaona, akarudisha kichwa. "Ningeacha, ningevaa koti langu, ningekwenda nyumbani. Mama yangu alikuwa ananingoja. Kila Jumatano alikuwa ananiulizia, mimi niko hapa nakuwekea mikia na kofia, na wewe unajua kusoma!"

Hizirbek akaliweka gazeti chini.

"Hukuniambia una mgonjwa," alisema.

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," alikubali mzee. Aliyasema maneno hayo kwa sauti ndogo sana. "Nilikuwa nakuja hapa, unanipa chai, unanipa karatasi iliyoandikwa kwa ajili yangu. Mke wangu amekufa, wanangu wananipigia Idi hadi Idi. Sikuuliza kitu. Niliogopa ukianza kusema mambo yako, hutakuwa na nafasi yangu. Nimekula saa zako, mdogo wangu, na za mama yako."

Baghila aliinamisha kichwa. Hasira ilikuwa imeshamwishia, na chini yake alikuta uchovu uleule, umekaa unamngoja kama mbwa wa nyumbani.

"Na jina umekosea," alisema. "Babu yangu ni Tolebai. Gazeti ndilo lililokosea."

Mzee akakaa wima kitini. Alivua kofia akaiweka juu ya paja, akaivaa tena vizuri, akainua viganja palepale kati ya prufu na birika. Akaomba upya, tangu mwanzo, kwa Zeinep binti Tolebai na kwa Tolebai mwenyewe. Waliokuwa wakichapa waliacha kuchapa. Alipomaliza akajipangusa uso kwa viganja, akasimama, akamwinamia Baghila kidogo na kuondoka. Hakungoja chai.

Wiki kadhaa hakuonekana. Baghila alirudi nyumbani mapema kila siku, Jumatano pia, na aligundua kwamba hajui jioni zinatumiwaje. Alifua mapazia. Aligawa nguo za mama. Kanipa alikuwa bado anakuja kwa mazoea, wanaketi wawili, wanaangalia tamthilia wasiyoifuata.

Ukaja wakati wa hitma ya siku ya arobaini. Siku chache kabla yake Serimbet alipokea jedwali jipya kutoka mkoani. Nukta mbili, mikia, kofia: karibu zilezile walizokubaliana wawili wale juu ya chai. Ukurasa wa nane urudi, amri ilisema.

"Mimi hapana," alisema Baghila.

"Nani basi? Hakuna anayezijua kama wewe."

"Mpe kijana wetu Aidos. Ana macho mapya."

"Aidos atafanya makosa."

"Afanye. Mimi sina mwanzo mwingine, Serimbet. Babu alianzishwa upya, mama akaanzishwa upya, mimi nimeanza mara tatu kwa ukurasa mmoja. Nimebakiza kidogo niondoke. Niache niondoke na herufi nilizonazo."

Serimbet alimtazama, akakubali, na ukurasa ule akapewa Aidos.

Siku ya hitma Hizirbek alikuja. Baghila hakumwalika wala hakumkataza. Alipomwona langoni alikwenda mwenyewe kumpokea, akampeleka penye wazee, akampa mahali pazuri pa kuketi. Nyama ikaliwa, dua ikasomwa, watu wakaanza kutawanyika. Mzee akabaki mwisho, amekunja miguu, kikombe mkononi. Baghila akamjazia chai, maziwa mengi, majani kidogo, kama alivyojua anavyopenda.

"Nimeuona ukurasa mpya," alisema Hizirbek.

"Na mimi nimeuona."

"Una makosa mengi sana."

"Kumi na moja."

"Mimi nimepata saba," alisema mzee, akafikiri. "Huyo kijana utamwambia?"

"Simwambii."

"Ah." Akanywa chai. "Basi nitakwenda mimi nimgombeze."

"Nenda," alisema Baghila. "Lakini muulize kwanza nyumbani kwake kukoje."

Hizirbek aliinamisha kichwa. Akaweka kikombe chini, akaanza kukusanya sahani zilizokuwa karibu naye, moja juu ya nyingine, kwa uangalifu, kama mtu asiyezoea. Kanipa alikimbilia kumzuia, mgeni hawezi kufanya hivyo, mzee tena. Baghila akamwambia amwache. Yeye mwenyewe alikaa pale mkekani, mgongo ukutani, akinyoosha miguu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na alipowaona wawili wale wakibishana jikoni juu ya maji ya moto, hakuinuka.